Joto la Mafiga Linakwenda Wapi?

Alfajiri ya Julai, Shinyanga hushuka hadi karibu nyuzi 15. Kwa mtu aliyezoea jua la Oktoba, hiyo ni baridi ya kumkalisha kando ya mafiga. Kuni tatu nene zinafuka moshi, sufuria ya uji iko juu, haina mfuniko. Majiko ya namna hii yamepimwa mara nyingi, na kwa kawaida joto linaloingia sufuriani ni sehemu moja kati ya kumi, au zaidi kidogo. Lililobaki anaota paka.

Watu wa huku walikwisha onja ukosefu wa kuni. Enzi ya Mwingereza pori lilifyekwa makusudi kufukuza mbung'o, kisha pamba ikamaliza lililosalia, hata mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Nyumba nyingi zikapikia mabua ya pamba na samadi, samadi ambayo ingekwenda shambani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 haukuleta jambo geni. Ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho mpaka kiangazi. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zikavuka 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini mti mmoja una wateja wengi. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita unashuka kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, kuwa matimba ya kuzuia kifusi, au unaishia kwenye tanuru la udongo, ambako kilo moja ya mkaa mara nyingi hula kilo tano hadi kumi za kuni. Mama ntilie wa machimboni analipia hasara hiyo kila anaponunua kopo.

Na maharage ndiyo yanayommaliza. Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Maharage yaleyale huchelewa kuiva. Wengi huongeza mkaa, na hapo ndipo wanapotupa fedha: maji yakishachemka, moto mkali hauyaongezei joto, unayakausha tu. Sufuria ya presha hufanya kazi kwa sababu hubana mvuke na kuyapandisha maji juu ya nyuzi 100. Ya umeme ina pia kuta zinazotunza joto, basi hula umeme kidogo kuliko watu wanavyohofia. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe na nishati hiyo ifikapo 2034.

Wakati huohuo jiko la mkaa linaingizwa vyumbani usiku wa kipupwe, mlango ukafungwa. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala moshi, na waliolala hawaamki. Afadhali blanketi la pili.

Blanketi kuukuu nalo lina kazi jikoni. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huchemshwa kama nusu saa, mfuniko ukiwa juu. Sufuria inaepuliwa, inafungwa kwenye blanketi na kushindiliwa ndani ya kapu lenye majani makavu. Mpishi anakwenda zake sokoni. Akirudi baada ya saa chache, anairudisha motoni ichemke tena kidogo, anaunga kitunguu na nyanya, anapakua.