Shabani Nonda: kutoka Yanga hadi Monaco

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

Vijana wanaocheza jioni pale kwenye mawe ya volkano wanatuuliza swali moja: mshambuliaji anafikaje Ulaya? Leo tunajibu kwa maisha ya Shabani Nonda. Wazee wanamkumbuka. Ninyi wadogo zangu waulizeni.

Nonda alizaliwa Bujumbura tarehe 6 Machi 1977, na timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo. Alianza mpira Burundi. Akaenda Dar es Salaam kuichezea Young Africans, yaani Yanga. Kutoka hapo akashuka Afrika Kusini, kwenye klabu ya Vaal Professionals, ambayo wala si klabu kubwa. Ndipo akavuka kwenda Uswisi, FC Zürich. Mwaka 1998 alihamia Rennes ya Ufaransa, na mwaka 2000 Monaco ikamchukua. Hakuna mtu aliyemtoa uwanjani Bujumbura akamshusha Monaco siku hiyo hiyo. Alionekana akifunga katika ligi moja, akaitwa katika nyingine.

Msimu wa 2002–2003 alifunga mabao 26 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa. Alikuwa na miaka 26, umri ambao mshambuliaji ana nguvu na akili kwa pamoja. Msimu uliofuata ukiwa bado mwanzoni, akaumia vibaya, akakaa nje miezi mingi. Monaco ikamwazima Fernando Morientes kutoka Real Madrid ashike nafasi yake, naye Morientes akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa mwaka huo. Ndivyo kazi hii ilivyo, ndugu zangu: mguu wako ukiuma, nafasi haikungojei.

Lakini Nonda alirudi. Aprili 2004, nusu fainali na Chelsea, Monaco wamebaki wachezaji kumi baada ya mwenzao kupewa kadi nyekundu. Akaingizwa dakika za mwisho na mara akafunga bao la tatu, 3–1. Kwenye fainali aliingia tena kutoka benchi, ila Porto walishinda 3–0. Baadaye akapita Roma na Blackburn, na mwaka 2008 akawa bingwa wa Uturuki na Galatasaray. Mimi ile miezi ya kuuguza mguu ndiyo ninayoiheshimu kuliko yale mabao 26.

Sasa tuzungumze fedha, kwa maana hapa ndipo watu wanapolizwa. Mchezaji mwenye mkataba akihama, klabu mpya huilipa klabu ya zamani. Tangu mwaka 2001 sheria za FIFA zinataka asilimia 5 ya malipo hayo igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23. Kwa hiyo kusajiliwa mapema kuna maana. Hata timu ndogo iliyokuandikisha ina sababu ya kukutunzia karatasi zako, na jina na tarehe ya kuzaliwa viwe vilevile kwenye kila karatasi. Ukipunguza umri leo, kesho karatasi ya ukimbizi itakuumbua.

Wakala naye hupata chake kwenye mkataba ukishasainiwa, na ni lazima awe na leseni ya FIFA. Mtu anayekuja kambini akidai dola mia tatu za viza na za majaribio, huku hataji klabu wala hana barua yake, huyo anauza ndoto. Mama, usiuze mahindi ya watoto kwa ajili yake. Na kijana aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kuhamishwa nchi ili akacheze mpira. Zipo ruhusa chache, mojawapo inawagusa waliokimbia nchi zao, lakini huombwa kwa maandishi kupitia shirikisho la mpira, si kwa mtu wa njiani.

Karibu yetu, mjini Rubavu, zipo Etincelles na Marines, na uwanja wa Umuganda. Ngazi ya kwanza inaweza kuwa hapo. Kama umepewa karatasi ya kusaini usiyoielewa, ilete tuisome pamoja kabla hujatia sahihi, na uje na mzazi au mlezi wako.

(Muziki.)