Kiharusi: Visababishi Vyake na Wajibu Wetu wa Kuvitambua

Utangulizi

Ni watumishi wachache wa usharika waliokaa kazini miaka mingi bila kuitwa nyumbani kwa mtu aliyelala akiwa mzima, kisha akaamka hawezi kuinua mkono wala kutamka neno. Mara nyingi swali la kwanza analokutana nalo mtumishi mlangoni si “Anaugua nini?” bali “Ni nani aliyemfanyia hivi?” Wengine husema amerogwa, wengine, amepitiwa na upepo mbaya, wengine hutafuta dhambi ya siri. Mabishano yakiendelea, saa zinapita, na saa hizo ndizo zenye thamani kuliko zote kwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza katika makala hii kiharusi ni nini, hutokana na nini, na ni mambo gani yanayomweka mtu katika hatari ya kukipata.

Kiharusi ni nini?

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Tena hauna akiba. Sehemu yake ikikosa damu, chembe hai za sehemu hiyo huanza kufa katika muda wa dakika chache. Hivyo kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo, ijapokuwa dalili zake huonekana mkononi, mguuni na kinywani. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu walio wengi ndio unaotawala usemi. Kwa hiyo mtu aliyepooza upande wa kulia mara nyingi hupoteza usemi pia. Asidhaniwe kuwa amepoteza akili: huenda anatambua mengi ya yale yasemwayo kando ya kitanda chake.

Damu hukatizwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mshipa kuziba, ama kwa bonge la damu lililoganda juu ya mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa, ama kwa bonge lililosafiri kutoka kwenye moyo wenye kasoro. Njia ya pili ni mshipa kupasuka na damu kuvuja ndani ya ubongo. Mnamo 1658 tabibu Johann Jakob Wepfer wa Schaffhausen, Uswisi, aliandika juu ya maiti alizozipasua na kuonyesha damu iliyovuja ndani ya ubongo. Duniani kote aina ya kuziba ndiyo iliyo nyingi. Hata hivyo, katika Afrika sehemu ya viharusi vya kuvuja ni kubwa kuliko katika nchi tajiri.

Kisababishi na kihatarishi

Yatupasa kutofautisha mambo mawili. Kisababishi ni kile kinacholeta tukio lenyewe: bonge lililoziba au mshipa uliopasuka. Kihatarishi ni hali inayouandaa mwili kwa tukio hilo kwa miaka mingi. Mwenye kihatarishi hajahukumiwa kupata kiharusi, wala asiyekuwa nacho hana hati ya kinga. Lakini uchunguzi mkubwa ulioitwa INTERSTROKE, uliofanywa katika nchi 32, Uganda ikiwa mojawapo, na kutangazwa 2016, ulionyesha kuwa vihatarishi 10 vinavyoweza kurekebishwa vinahusika na takriban viharusi 9 katika kila 10.

Kinachotangulia vyote ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa la juu likifikia 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vilivyorudiwa. Ubaya wake ni ukimya: haliumi, halizuii mtu kwenda shambani, bali huchakaza kuta za mishipa siku baada ya siku.

Mfano ulio wazi ni Rais Franklin Roosevelt wa Marekani. Machi 1944 daktari wake alimkuta na shinikizo la 186 kwa 108. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs, alilalamika maumivu makali ya kichwa, akazimia, na shinikizo lake likapimwa kuwa zaidi ya 300 kwa 190. Alifariki siku hiyohiyo kwa damu kuvuja ubongoni. Hakukosa fedha wala madaktari. Alikosa dawa, kwani vidonge vya kwanza vya aina ya thiazaidi vilianza kutumika 1958. Leo mjane wa kijijini anaweza kupewa kidonge ambacho rais yule hakukipata. Basi huzuni yetu ni kubwa anapokiacha baada ya mwezi mmoja kwa kuwa “amejisikia vizuri”.

Vihatarishi vingine ni kisukari, tumbaku, ulevi, unene wa tumboni, mafuta mengi katika damu, kutoushughulisha mwili, msongo wa mawazo, chakula chenye chumvi nyingi na upungufu wa matunda na mboga. Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Magonjwa ya moyo, pamoja na yale yaletwayo na homa ya baridi yabisi utotoni, huweza kurusha mabonge ya damu ubongoni. Ugonjwa wa selimundu huleta kiharusi hata kwa watoto. Umri mkubwa na urithi wa ukoo haviwezi kubadilishwa, lakini vyapaswa kutuongezea uangalifu.

Nasi hatuko mbali na hatari hii. Uchunguzi uliofanywa kati ya 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, na kutangazwa 2010, ulionyesha kuwa, tofauti za umri zikisawazishwa, viharusi vipya vya Dar es Salaam vilikuwa karibu mara 3 ya vile vya Hai.

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kupima shinikizo la damu ni kuutafuta ufa. Na uso ukipinda ghafula, mkono ukilegea, au usemi ukivurugika, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama dalili zimetoweka baada ya dakika chache. Dalili za namna hiyo ni onyo la kiharusi kinachoweza kufuata.

Katika Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Bwana hakukubali kumtwika lawama yeye wala wazazi wake. Nasi tusimtwike mgonjwa wa kiharusi dhambi, wala tusimtwike jirani yake uchawi. Sala haishindani na hospitali. Mchungaji anayeomba na mgonjwa huku akisaidia kutafuta gari hajapungukiwa na imani. Ametimiza wajibu wake kwa wakati unaofaa.