Bahari Iliyo Mlangoni: Elimu ya Mazingira Unguja (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna vilabu vya wanafunzi vya mazingira vilivyoenea Afrika Mashariki. Kenya ilitangulia mwaka 1968, Malihai ikafuata Tanzania Bara mwaka 1980, kisha Roots & Shoots, ambayo Jane Goodall aliianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 wa sekondari. Vyote hivyo vilibebwa na walimu waliobaki na watoto baada ya kengele ya mwisho, bila ya posho. Leo tunavuka kuja Unguja.

Anayetaka kumfundisha mtoto wa Shangani au Malindi habari za mwamba hana haja ya kumpandisha boti siku ya kwanza. Amsimamishe mbele ya ukuta wowote wa Mji Mkongwe uliobanduka lipu. Ndani mna mawe ya matumbawe, na ukiyasogelea utaona bado yana vitundu vya viumbe walioyajenga, na pengine kipande cha kombe kilichogandia humo. Chokaa iliyoyashikanisha nayo imetokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu. Ukitazama juu utaona boriti za mikoko. Kwa kuwa mkoko unaofaa kwa boriti haurefuki sana, vyumba vya nyumba za zamani vilitoka virefu na vyembamba. Mji ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 ni mwamba na mikoko iliyohamishiwa nchi kavu, na humo ndimo wanamozaliwa watoto ambao wengi wao hawajapata kuutazama mwamba wenyewe ulipo.

Jambo hilo lilimshangaza Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi kwenye miradi ya misaada hapa Tanzania. Alipoichunguza mitaala ya skuli katika miaka ya 1990 alikuta matumbawe hayana nafasi ya maana, ingawa kisiwa chenyewe ni cha matumbawe. Safari za masomo zilikuwa adimu, na watoto wachache tu, hasa upande wa wasichana, walijua kuogelea. Kwa wakati huo alikuwa keshaanza kuhangaikia Chumbe, kisiwa kidogo kilicho kilomita 12 hivi kusini ya mji, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904 na msikiti uliojengewa walinzi wa mnara huo. Mwamba wa upande wa magharibi ulikuwa mzima. Ile ni njia ya meli, jeshi halikutaka watu wavue pale, na mvuvi wa ngalawa asiye na mashine hakuona faida ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi, ukawa miongoni mwa hifadhi za mwanzo duniani za baharini kuendeshwa na kampuni binafsi. Majengo yalisimama kwa fedha za Riedmiller mwenyewe, kwa ruzuku ndogondogo, na kwa kazi za watu wa fani mbalimbali waliojitolea. Nyumba za wageni ni 7 tu. Maji yake ni ya mvua iliyokingwa mapaani, na taa zake ni za jua.

Fedha za wageni hao ndizo zinazolipia safari za wanafunzi. Mwalimu hufundishwa kwanza, kisha huleta watoto wake. Wanaowapokea ni walinzi wa hifadhi, na wengi wa walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawachukui silaha. Mvuvi akiingia ndani ya mipaka humfuata na kumweleza kwa nini samaki anayezaliana pale atamfikia nje ya mpaka akiwa mkubwa. Mtu aliyezoea kumshawishi mvuvi mwenye njaa hashindwi na mtoto wa darasa la saba.

Somo lenyewe huanza na swali: tumbawe ni nini? Wengi hujibu jiwe, wachache husema mti. Kumbe ni mnyama. Ni vidudu laini kwa maelfu, kila kimoja kimekaa ndani ya kikombe cha chokaa kilichojijengea chenyewe. Ndani ya miili yao mnaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayotumia jua kuwatengenezea chakula. Maji yakipata joto la kupita kiasi kwa wiki kadhaa, mimea ile hutolewa nje, tumbawe likabaki jeupe na lenye njaa, na joto lisipopungua hufa. Ndivyo ilivyotokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Baada ya hapo watoto huvaa jaketi za kuokolea na miwani ya maji. Wasichana huingia na nguo zao na ushungi wao, wakishikilia boya. Anayemwona pono kwa mara ya kwanza huwa kamzoea sahanini. Hapa humkuta akiuguguna mwamba kwa meno yake, na akitulia humsikia. Kisha huambiwa kwamba sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zetu imepita tumboni mwa samaki huyo. Kicheko kinachofuata hakijapata kusikika kwenye darasa la ubao.

Suala la nguo si dogo. Wazazi wengi hawakatai binti yao kujifunza bahari. Wanachokataa ni namna ya kuingia ndani yake. Kaskazini ya kisiwa, mradi wa Panje ulilitatua hilo kwa vazi la kuogelea linalostiri mwili mzima na kwa kuwafunza wanawake wa hapo hapo wawe walimu wa kuogelea.

Utaratibu wa Chumbe una udhaifu wake. Mwaka 2020, watalii walipokatika kwa sababu ya korona, chanzo cha fedha za safari za skuli nacho kilikauka. Elimu ya mtoto wa Kizanzibari kuhusu bahari yake ilining'inia kwenye tiketi ya ndege ya mtu wa Ulaya. Nalisema hili kwa heshima zote kwa waliojitolea: haikuwa kazi yao peke yao. Tumefanya semina ngapi za mazingira ndani ya kumbi zenye viyoyozi, bahasha za posho mezani, na bahari nje ya dirisha?

Maana upo ufundishaji usiohitaji boti. Wakati wa bamvua maji hupwa kiasi cha mita 4, na ufuo wote huwa wazi bila ya kiingilio. Nenda Paje au Jambiani, ambako mwani ulianza kupandwa kibiashara mwaka 1989. Wakulima wengi ni wanawake. Wanajua kwamba aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, hufa siku hizi kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu yamekuwa ya moto. Mama mmoja wao anaweza kumweleza mwanafunzi mabadiliko ya tabianchi akiwa na kamba yake mkononi, na ni nadra skuli kumwalika.

Msitu wa Jozani nao hauhitaji miwani ya maji. Tangu mwaka 2004 msitu huo, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ni hifadhi ya taifa, na kima punju wake hukaribia njia kiasi cha mtoto kumwona akila makaa, ambayo hupunguza sumu ya majani anayokula. Sensa iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kima punju zaidi ya 5,800 kisiwani, mara tatu ya ilivyodhaniwa. Wakulima wa jirani, ambao kima huwamalizia nazi changa, hawakuipokea habari hiyo kwa furaha, na mwalimu anayepeleka watoto Jozani atafanya vyema kuwasikiliza na wakulima hao kabla ya kurudi mjini.

Wiki ijayo tutakwenda Misali, Pemba, ambako masheikh na wavuvi walikaa pamoja kuyasoma mafundisho ya Kiislamu juu ya bahari.

Itaendelea.