Zulia au Mkeka?

Ndugu zetu wengi hutuuliza: ni tandiko lipi lifaalo nyumbani? Sisi tulipata kununua zulia la sufu, nene, la kupendeza macho. Masika yalipoingia, mtoto alilikojolea usiku. Tuliliosha lipate tahara, tukalianika siku nne, wala halikukauka. Likavunda, nasi tukasali juu ya saruji tupu.

Sufu si mbaya. Ni laini, tena hudumu, lakini hunywa maji na nondo huila. Yafaa chumba kikavu. Anunuaye na avute uzi mmoja auchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika; nailoni huyeyuka ikaganda tone gumu. Nailoni hukauka upesi, ila chetezo kisiikaribie.

Kwa pwani yetu, sisi twachagua mkeka wa ukindu. Hupitisha hewa, hufutika kwa kitambaa, na ukioshwa haukawii kukauka. (Jamvi la miyaa ni la barazani.) Anas bin Malik amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alisali nyumbani kwao juu ya mkeka uliokuwa mweusi kwa kutumika sana, baada ya kunyunyiziwa maji. Wala mwenye nyumba hakuona haya.

Zulia letu limo darini. Mama watoto amekwisha agiza mkeka.