Moto wa Jikoni na Gesi ya Ardhini

Nyumba ya kale ya Wairaqw, ambao wengi tunawaita Wambulu, ilichimbwa ubavuni mwa kilima. Ukuta wa nyuma ulikuwa ardhi yenyewe, juu paa bapa la miti na udongo, na mpita njia wa mbali asingejua kama pale pana watu. Ndivyo walivyojificha wasionwe na Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe. Siku hizi Mbulu na Hanang zimejaa tofali na bati. Je, kati ya nyumba hizo mbili, ipi ina radoni zaidi?

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Huzaliwa na urani, iliyomo kidogo kidogo karibu katika kila mwamba na udongo. Katika mkoa huohuo wa Manyara, fosfati ya Minjingu wilayani Babati inajulikana kwa wingi wa urani. Lakini Minjingu si Katesh ya Hanang. Mwamba hubadilika ndani ya kilomita chache, kwa hiyo asije mtu akawatisha watu wa Hanang kwa vipimo vya Babati.

Nje, upepo huitawanya radoni. Ndani ya nyumba hujikusanya, na hapa ndipo moto unapoingia. Jioni ya Julai mama ameinjika chungu, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu ya ukuta. Ya kuijaza nafasi yake hutoka chini, kwenye upenyo wa mlango na nyufa za sakafu. Pamoja nayo hupanda gesi ya udongoni. Moto unaivuta kama mtu anyonyaye mrija.

Kila siku 3.8 nusu ya radoni hugeuka kuwa chembe ngumu zenye mionzi. Hizo hushika vumbi na moshi, zikaingia mapafuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa radoni husababisha asilimia 3 hadi 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi. Mvuta sigara yuko hatarini zaidi sana. Shirika hilo linashauri isizidi bekereli 100 (kizio cha mionzi) kwa mita ya ujazo, na pale isipowezekana, isivuke 300.

Nyumba ya kuchimbwa imegusana na ardhi pande nyingi, ila inaweza kuvuja hewa penye mianya. Ya saruji huzuia gesi nyingi kama sakafu haina nyufa. Ikipasuka, nawe umeweka dari na vioo vinavyofunga barabara, gesi ikishaingia haitoki kwa urahisi. Kwa hiyo umri wa nyumba haunishawishi. Nyufa zizibwe na matundu ya hewa yaachwe wazi, hata kabla ya kupima: moshi wa kuni peke yake unatosha kuwa sababu.

Kipimo chenyewe ni kikopo chenye kipande cha plastiki kama ukucha. Mionzi hukitoboa vijishimo visivyoonekana. Maabara hukiloweka kipande hicho katika kostiki soda ya moto, ileile ya watengeneza sabuni, vijishimo vikapanuka na kuhesabiwa kwa hadubini. Wa kuulizwa ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kikopo kikae chumba cha kulala, mbali na dirisha na mafiga, kwa miezi mitatu hivi, Juni na Julai zikiwemo. Na watoto waambiwe si cha kuchezea.