Sauti Isiyosikika Yapigana na Kansa ya Akina Baba

Akina mama wa Kolwezi wamezoea ekografi. Mama mjamzito hulala kitandani, hupakwa tumboni mafuta mazito yenye ubaridi, kisha kifaa kidogo hupitishwa juu ya ngozi yake, na mara sura ya mtoto huonekana katika kioo. Hapana kisu wala maumivu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kinachoipiga picha ile ni sauti. Na sauti hiyohiyo, ikizidishwa nguvu na kukusanywa mahali pamoja, yaweza kuchoma kansa. Basi leo twataka kusema na akina baba. Twawaomba akina mama na wanafunzi nao wasiugeuze ukurasa huu, kwa maana baba mwenyewe huenda asiusome.

Chini ya kibofu cha mkojo kila mwanamume ana tezi moja, kubwa kama ndimu ndogo, nayo huitwa tezi dume. Madaktari wa kwetu husema prostata. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Baba akizeeka, tezi hii mara nyingi huvimba na kuibana njia ile. Ndipo mambo yaanzapo nyumbani, iwe Dilala au Manika, iwe Musonoi au Luilu: mama asikia mlango ukifunguliwa usiku, tena na tena.

“Baba, mbona umetoka mara nne leo?”

“Ni uzee, mama. Lala.”

Mara nyingi baba asema kweli: uvimbe huo si kansa. Hata damu katika mkojo yaweza kuwa ya kichocho, ugonjwa ambao watu wa kando ya mito yetu wanaujua tangu utotoni. Lakini kansa ya tezi dume huanza bila dalili yoyote, na anayengoja maumivu ya mgongo na mifupa amengoja mno, kwani hapo mara nyingi kansa imekwisha kutoka katika tezi na kuenea. Mwaka 2022 karibu watu milioni moja na nusu ulimwenguni waligunduliwa kuwa nayo, na karibu 400,000 walikufa kwayo. Katika Marekani wanaume weusi hufa kwa kansa hii mara mbili zaidi kuliko weupe.

Watu wazima wa Kolwezi hawajamsahau Mobutu Sese Seko. Kansa hii ilimpata akiwa bado mwenye nchi. Mwezi wa Agosti 1996 alipasuliwa Lausanne, katika Uswisi. Tarehe 7 Septemba 1997 alifariki Rabat, katika Moroko, akiwa na miaka 66. Fedha hazikumkosa wala madaktari. Nelson Mandela naye aligunduliwa mwaka 2001 akiwa na miaka 83. Akatibiwa kwa mionzi majuma saba, akaishi miaka 12 zaidi, akafa kwa ugonjwa mwingine. Hatusemi kwamba magonjwa yao yalikuwa sawa. Twasema tu kwamba ugonjwa huu haumwachi mkubwa wala mdogo, na kwamba wako wanaopona.

Dawa za tangu zamani ni mbili: kuiondoa tezi yote kwa kisu, au kuipiga mionzi. Zote mbili zimeponya watu wengi. Lakini kando ya tezi ipo mishipa membamba inayoendesha nguvu za kiume, na chini yake upo msuli unaozuia mkojo. Vikiguswa, baba aweza kupona kansa akabaki akilowesha nguo, au akashindwa tendo la ndoa. Ni jambo la kweli kabisa, nasi hatuoni sababu ya kulificha kwa adabu ya uongo: akina baba wengi hukimbia hospitali kwa hofu hiyo moja.

Kwa ajili ya hofu hiyo ndipo wataalamu walipoitafuta sauti. Sikio la mtu husikia mitikisiko isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Sauti hii hutikisika mara 3,000,000 na zaidi. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba mawe fulani, kama kwazi, yakibanwa hutoa umeme. Na baadaye ikaonekana kwamba yakitiwa umeme hutikisika. Katika vita kuu ya kwanza Paul Langevin aliyatumia mawe hayo kutafuta manowari chini ya bahari kwa sauti, akaona ajabu: samaki waliopita mbele ya sauti ile walikufa. Kumbe ina nguvu! Katika miaka ya 1990 madaktari wa Lyon, katika Ufaransa, waliielekeza nguvu hiyo katika kansa ya tezi dume, na mwaka 2015 serikali ya Marekani nayo iliruhusu mashine za namna hii zichome nyama ya tezi hiyo.

Namna yake si ngeni kwa watoto wa nchi ya shaba. Wazee wetu, wale walioitwa wala shaba, waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuri za udongo kwa mivukuto. Mvukuto mmoja haukutosha kitu. Lakini yote ilipovuvia moyo wa tanuri, jiwe lilitoa shaba, na hali mafundi walisimama kando bila kuungua. Ndivyo ilivyo sauti. Kila wimbi peke yake hupita katika nyama bila kuidhuru. Pale yanapokutana yote, joto hupita digrii 60 kwa sekunde chache, na sehemu ndogo kama punje ya mchele hufa. Kisha mashine husogea, ikachoma punje nyingine karibu yake.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Kifaa hutiwa kwa njia ya haja kubwa, kwa sababu tezi iko karibu sana na ukuta wa hapo. Kifaa hichohicho hupiga picha na kuchoma, hata daktari aona kwa macho anachokifanya. Kazi huchukua saa moja mpaka tatu. Wengi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake, wakiwa na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa. Kansa ikiwa upande mmoja tu, daktari aweza kuchoma upande huo na kuuacha mwingine pamoja na mishipa yake.

Je, yafaa kweli? Ufaransa waliwafuata wagonjwa zaidi ya 3,000 katika hospitali 46, wengine wamechomwa kwa sauti, wengine wamepasuliwa. Baada ya miezi 30, waliochomwa hawakuhitaji dawa nyingine kuliko wenzao, na mkojo na nguvu zao vilihifadhika zaidi. Lakini miezi 30 ni michache kwa ugonjwa uendao polepole. Wengine kansa hurudi, wakachomwa tena au wakapasuliwa. Na kwa kansa iliyokwisha kuingia mifupani, sauti hii si dawa. Tena si kila kansa ya tezi dume ipaswayo kuchomwa: utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kati ya wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema, karibu 97 kwa mia hawakuuawa na kansa hiyo katika miaka 15, hata wale ambao mwanzoni waliangaliwa tu na daktari.

Mashine hizi ni za gharama kubwa, hata hospitali nyingi za nchi tajiri hazina. Mtu wa Kolwezi asiuze nyumba kuifuata Ulaya kabla hajajua ana nini. Mionzi iko karibu zaidi. Hospitali ya kansa ya Lusaka ilifunguliwa mwaka 2007. Na katika mionzi nchi yetu ina sehemu yake, ingawa ni wachache wanaoikumbuka: tangu 1951, hospitali za ulimwengu zilitibu kansa kwa mionzi ya kobalti, madini haya haya ambayo vijana wetu huyachimba kwa jasho na wengine kwa kufukiwa.

Mlango wa dawa zote hizi ni mmoja, nao ni kupimwa: tone la damu kwa kipimo kiitwacho PSA, na daktari kuigusa tezi kwa kidole. Huchukua dakika moja, na akina baba huiogopa kuliko shimo la mgodi. Madaktari wengi hushauri mtu mweusi azungumze na daktari juu ya kipimo hiki afikapo miaka 45, na mwenye ndugu wa damu kadhaa waliougua, afikapo 40. Siku ya kwenda, baba aandamane na mama au mwanawe mkubwa, aseme waziwazi mara ngapi huamka usiku, tangu lini, na kama baba yake au kaka yake aliugua hivyo. Aseme pia kama mkojo unamchoma siku zile, kwa sababu ugonjwa wa njia ya mkojo nao hupandisha kipimo cha damu. Daktari atautibu huo kwanza, ndipo apime tena.