Sauti Isiyo na Msemaji: Jinsi Ubongo Unavyozua Maruweruwe

Katika maradhi yote yanayompata mwanadamu, ni machache yanayomtenga na jamaa zake upesi kama yale yanayomfanya asikie sauti wasizozisikia wao, na ayakini mambo ambayo wao wote wanayaona kuwa ni muhali. Kwani mwenye homa huaminiwa anaposema anaumwa, lakini huyu huambiwa kuwa anasingizia, au kwamba ni mkaidi, au kwamba amerogwa. Utafiti wa miaka 30 ya karibuni umebainisha jambo ambalo kila aila yenye mgonjwa wa namna hii inastahili kulijua: sauti ile, ingawa haina msemaji, kwa ubongo wake ni sauti kamili, na kitendo cha ubongo kinachoizua ni kile kile kinachotuwezesha sisi sote kuona na kusikia kila siku. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa skizofrenia, iliyo mashuhuri zaidi kati ya maradhi haya, yaitwayo saikosisi, huwapata watu wapatao milioni 24, yaani karibu mtu mmoja katika kila 300; na fauka ya hao wako wanaopatwa na hali hiyo kwa muda tu, kwa sababu ya malaria iliyopanda kichwani, au kifafa, au bangi, au baada ya kujifungua.

Hermann von Helmholtz, mwanachuoni wa Kijerumani wa karne ya 19, alishika rai kwamba kuona ni kukisia bila ya kujua kuwa tunakisia. Ubongo umefungiwa gizani ndani ya fuvu, nao haupati nuru wala sauti yenyewe, ila mishtuko midogo ya umeme ipitayo katika mishipa ya fahamu, nayo aghalabu huwa pungufu. Hali yake ni hali ya kadhi ambaye hakuwako palipotokea kisa, na ambaye hana budi kuhukumu kwa kupima vitu viwili, yaani ushahidi alioletewa na elimu yake ya zamani juu ya watu na desturi zao: shahidi akiwa madhubuti, elimu ya zamani hunyamaza, shahidi akiwa dhaifu, kadhi hutegemea zaidi yale ayajuayo. Ndiyo maana mtu anayengojea simu kwa hamu huisikia ikilia naye yumo bafuni, maji yakimwagika, na akitoka huikuta kimya.

Mwaka 2017 Albert Powers, Christoph Mathys na Philip Corlett walitangaza katika jarida la Science majaribio waliyoyafanya katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakifuata njia iliyobuniwa chuoni hapo hapo katika miaka ya 1890. Mtu alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akaonyeshwa umbo la miraba mithili ya ubao wa drafti, na papo hapo akasikilizishwa mlio mmoja mwembamba. Na jambo hilo likakaririwa hata umbo na mlio vikafungamana katika fahamu yake. Kisha mlio ukapunguzwa pole pole, na mara nyingine umbo likatokea peke yake pasipo mlio wo wote, naye ameambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia, na akishikilie kwa muda mrefu zaidi kadiri alivyo na yakini. Waliojaribiwa walikuwa makundi manne: wagonjwa wa saikosisi wasikiao sauti, wagonjwa wasiozisikia, watu wazima wa afya wasiosikia cho chote, na watu wanaojiita waonaji, ambao husikia sauti kila siku lakini hawaugui wala hawaudhiki.

Ikadhihirika kuwa kila kundi lilikuwa na watu waliousikia mlio usiokuwapo. Ila wale wenye kusikia sauti, wagonjwa na waonaji sawasawa, waliusikia mara nyingi zaidi na kwa yakini kubwa zaidi, na sehemu za ubongo zinazohusika na kusikia zilifanya kazi kama zifanyavyo mlio unapolia kweli. Walakini wagonjwa waliachana na waonaji katika jambo moja: kadiri mlio ulivyozidi kuwa adimu, waonaji waliweza kurekebisha dhana yao, na wagonjwa walishindwa. Hapo, kwa rai yangu, ndipo penye kiini cha maradhi. Kusikia kisichokuwapo ni jambo liwezalo kumpata ye yote. Kutoweza kuirudi hukumu ushahidi unapokwisha ndiko kunakomzamisha mtu.

Sauti zenyewe, je, zatoka wapi? Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Marekani, Louis Gould, alikuza kwa mitambo minong'ono hafifu ya koo la mgonjwa wake, akakuta kuwa maneno yanayonong'onwa yanaafikiana na yale ambayo mgonjwa alidai kuambiwa. Na mwaka 1993 Philip McGuire na wenziwe wa London walionyesha kwa picha kuwa wakati sauti zinapokuja, damu huzidi kwenda katika eneo la Broca, ambalo ndilo hutunga maneno tunayoyasema. Kwa hiyo mgonjwa husikia maneno ya nafsi yake, lakini hayatambui kuwa ni yake. Sarah-Jayne Blakemore na Chris Frith walipata ithibati ya jambo hilo kwa njia nyepesi kabisa: mtu mzima wa afya hawezi kujitekenya, kwa kuwa ubongo hutabiri mguso wa mkono wake na kuufifiza, lakini wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti, au kuona kuwa vitendo vyao vinaendeshwa na wengine, walihisi mguso wao wenyewe kuwa mkali sawa na wa mtu mwingine.

Na maadamu maneno ni ya nafsi, huchukua sura ya jamii iliyoilea nafsi hiyo. Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji wagonjwa 20 wa San Mateo huko California, 20 wa Accra, na 20 wa Chennai. Wamarekani walisimulia sana vitisho na vita. Wengi wa Accra walisema wanamsikia Mungu. Na wa Chennai aghalabu walisikia jamaa zao wakiwakemea au kuwaagiza kazi za nyumbani.

Lakini mtu asidhani kuwa kadhia imekwisha. Kinyago kikigeuzwa na kutazamwa kwa ndani, sisi huiona pua imetokeza kama ya uso wa kweli, kwa kuwa tangu utotoni hatujapata kuona uso ulioingia ndani. Wagonjwa wengi wa skizofrenia huliona shimo kama lilivyo, na uchunguzi uliofanywa Hannover na kutangazwa mwaka 2009 ulilithibitisha hilo. Hapa elimu ya zamani imekuwa dhaifu, hali majaribio ya Yale yameionyesha kuwa na nguvu kupita kiasi. Wataalamu wangali wakibishana. Wako wasemao kuwa maradhi huanza kwa kulegea kwa matarajio, ulimwengu ukawa mgeni na wa kutisha, na baadaye ubongo hujijengea matarajio mapya yaliyo magumu ili upate kutulia. Nami naiona rai hii ina uzito, kwani inalingana na masimulizi ya wagonjwa wenyewe. Klaus Conrad, tabibu wa Kijerumani aliyewachunguza wanajeshi waliougua, aliandika mwaka 1958 kuwa maradhi hutanguliwa na kipindi cha wahaka usio na jina, mtu akihisi kuwa jambo kubwa li karibu kutokea; kisha ghafula maana hufunuka, na kila kitu huonekana kumhusu yeye.

Kemia ya kipindi hicho imejulikana kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker, wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, waliwapa wagonjwa klopromazini, dawa ambayo ingali ikitumika katika hospitali zetu hadi leo, na wagonjwa wakatulia. Miaka mingi ikapita ndipo ikabainika kuwa dawa hiyo huzuia dopamini, kemikali ambayo baadhi ya seli za ubongo hupelekea habari kwa nyingine. Wolfram Schultz, akipima seli za dopamini katika ubongo wa nyani, aliona kuwa hushtuka pale tone la maji ya matunda linapokuja bila kutazamiwa, na kukaa kimya linapokuja kwa wakati wake. Kazi yake basi ni kutangaza kuwa hili ni geni, lizingatie. Mwaka 2003 Shitij Kapur akatoa hoja kuwa katika saikosisi tangazo hilo hutolewa ovyo, hata kikohozi cha jirani, au namba ya gari lililopita, kikapata uzito usio wake, na mgonjwa akalazimika kutafuta sababu. Naye huipata katika yale aliyokulia nayo, huyu akasema majasusi, yule akasema jini ametumwa.

Kwa nini ubongo wa fulani uingie katika hali hii na wa ndugu yake usalimike, urithi una sehemu kubwa ya jibu, lakini elimu ya urithi imejengwa zaidi juu ya damu za watu wa asili ya Ulaya. Utafiti uitwao NeuroGAP umekusanya mate ya maelfu ya watu wa Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na Kenya, Kilifi ikiwamo, ili upungufu huo uondoke.

Dawa hupunguza tangazo la dopamini, lakini haifuti dhana iliyokwisha kujengeka. Mambo mapya hupoteza kitisho chake kwanza. Yale ya zamani hufifia kwa majuma na pengine miezi, kwa msaada wa mazungumzo. Mara nyingi jamaa hukata tamaa katika juma la pili, wakaiacha dawa, kwa sababu mgonjwa bado asema kuwa jirani anamwandama. Na laiti wangemwuliza pia ni muda gani wa siku aliotumia kumfikiria jirani huyo, kwani vipimo vimeonyesha kuwa kushughulishwa na dhana hupungua mapema, na kuiamini hupungua baadaye.